Mgeni Katika Bendi Yangu

10 Juni 1991

Nimeolewa juzi, na leo nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Daftari hili lilikuwa la nyimbo. Kwa sasa nyimbo sina ruhusa ya kuziimba, basi acha nilitumie kugombana na watu ambao siruhusiwi kugombana nao kwa mdomo.

Mimi ni mugole, bibi harusi wa ndani. Nakaa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, na hata nikienda chooni nafunikwa kitenge kichwani. Silimi, sipiki, sifagii. Nalishwa ndizi na maziwa ya mgando ili ninenepe, watu waone kwamba kwa baba mkwe wangu, mzee Rwegoshora, kuna chakula. Hayo nilikuwa nayajua, dada zangu wote wameyapitia. La kunikera ni sauti. Katika nyumba hii sauti ya mugole haitakiwi kufika masikioni mwa baba mkwe mpaka siku mugole atakapowekewa jembe mlangoni. Jembe likiwekwa, anatoka, analima kidogo mbele ya watu, basi amekuwa mtu wa nyumbani. Kabla ya hapo ni mgeni, tena mgeni wa kunong'ona.

Wakati wa uchumba mume wangu Athanasi aliniambia kwamba mambo hayo kwao ni wiki mbili tu, kuwaridhisha wazee. Leo mama yake, mama Mukandekezi, ameniambia jembe litawekwa kahawa ikishauzwa. Kahawa yenyewe bado iko mitini.

Nimemuuliza mume wangu kama alikuwa anajua. Ameangalia viatu vyake.

12 Juni

Niandike vizuri ninachokikosa, nisije nikanenepa mpaka akili.

Sisi ni Umeme Bendi ya Ihanda. Tulijiita hivyo kwa jeuri, kwa kuwa umeme wenyewe Ihanda haujafika. Telesfori anapiga kinanda cha umeme na mashine ya ngoma, vyote vinakula betri ya gari. Desderius ana gitaa, na ndiye anayejiita kiongozi. Mimi naimba, na nyimbo karibu zote natunga mimi. Tumepiga disko kwenye harusi kuanzia hapa hadi Isingiro. Halafu mwaka jana Desderius akapata kisanduku cha kukwaruzisha gitaa, tukajaribu wimbo wangu uitwao "Kiberiti", na gitaa likanguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Ndipo tukakubaliana kutengeneza albamu nzima namna hiyo: mashine za disko chini, roki juu, na sauti yangu katikati ikigombana na vyote viwili.

Zubeiri, mwenye duka la kaseti mjini Kayanga, ameidhamini. Ameazima mashine ya kurekodia kutoka Mwanza na atatuletea jenereta lake. Mashine inarudi kwa wenyewe mwisho wa Julai. Kahawa ya mzee Rwegoshora inauzwa mwisho wa Agosti. Hesabu hiyo hata mbuzi wa jirani anaiweza.

15 Juni

Ndizi. Maziwa. Usingizi. Ndizi.

18 Juni

Desderius amekuja. Nilimtambua kwa kikohozi chake cha sigara. Alikaa sebuleni na Athanasi, mimi nyuma ya pazia, na sikuweza kusema neno kwa sababu baba mkwe alikuwa uani anaanika kahawa za kwanza. Walinijadili kama watu wanaojadili ng'ombe aliyevunjika mguu.

Desderius alisema mashine ya Mwanza haingoji bibi harusi. Kwa hiyo ataita waimbaji wageni, kila wimbo na mgeni wake, kama bendi za mijini zinavyofanya, na albamu itauzika zaidi. Athanasi akasema hilo ni wazo zuri. Nilisikia kwa masikio yangu: wazo zuri.

Alipoondoka nikamnong'oneza Athanasi, nyimbo ni za nani. Akasema ni za bendi.

"Na 'Kiberiti' ni wa nani?"

"Adelgunda, baba yuko nje."

Siku hizi hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Nikimuuliza nitatoka lini, baba yuko nje. Nikimuuliza kwa nini alinidanganya, baba yuko nje. Nimeolewa na mwanamume ambaye baba yake yuko nje daima.

22 Juni

Jenereta limewaka. Wanarekodia kwenye ghala la mjomba wake Desderius, ng'ambo ya bonde, kuta wamezitundika magunia na majani makavu ya migomba ili sauti isirudi. Upepo ukivuma huku nasikia kila kitu. Wameanza na "Kiberiti", muziki mtupu. Mashine ya ngoma ikagonga, kinanda kikaingia, gitaa likakwaruza, halafu pakafika pale ninapoingia mimi. Niliingia, moyoni. Nje palikuwa patupu.

Nimelia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Mama mkwe alidhani nawakumbuka kwetu, akaniongezea maziwa.

30 Juni

Mgeni wa kwanza amefika. Anaitwa Egbert, ametoka Bukoba, ana miwani myeusi na anaivaa hata ndani ya ghala. Habari zote ananiletea mama mkwe kutoka kisimani. Yeye ndiye gazeti langu, ingawa ni gazeti linalopenda kuguna kuliko kusema.

Egbert ameimba "Kiberiti". Niliandika hivi:

Kiberiti ni changu, na njiti ni zangu,
uliyekuja kuota, usinipangie nitawasha lini.

Yeye ameimba kiberiti ni chetu. Chetu na nani? Tulikinunua pamoja? Anaimbia puani, na kila akimaliza ubeti anasema "yee". Nimeisikia hiyo yee kutoka ng'ambo ya bonde mara nyingi leo, na kila mara nimeipiga ngumi mito ya harusi.

4 Julai

Gauni la harusi halipiti tena mabegani. Wamefurahi sana.

10 Julai

Mgeni wa pili nilimwandalia chuki mapema. Niliambiwa ni Mwaja, yule mwimbaji wa harusi za Waislamu pale Kayanga, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Egbert ameshindwa "Kiberiti", Zubeiri mwenyewe amemkataa kwa wimbo huu, kabakiziwa nyingine, sasa huu amepewa Mwaja. Nikasema moyoni, sawa, na huyu naye aje auue.

Leo kaja kwangu. Mwanamke yeyote anaruhusiwa kumtembelea mugole, na yeye kaja na kanga mkononi kama desturi inavyotaka, akamwamkia mama mkwe shikamoo kwa kupiga goti kabisa. Mama mkwe akampa kahawa za kutafuna, kama tunavyompa kila mgeni wa heshima. Mwaja hakuwa amewahi kuzitafuna. Alikunja uso, lakini alizimaliza.

Akaketi mkekani karibu yangu. Ni mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kidogo, mikono imejaa hina. Akaniambia Desderius anamtaka auimbe wimbo ule kwa utamu, kama wa kumbembeleza mtu.

"Mimi nimeyasoma maneno yake, shoga," akasema. "Huyu mwanamke habembelezi. Amekasirika. Nataka mwenyewe aniambie amemkasirikia nani."

Nilikuwa nimepanga kukaa kimya. Nikamwambia sina cha kumfundisha, aende akambembeleze Desderius. Hakukasirika. Akaanza kuimba polepole, kinywa kimefumbwa, na akaingia mapema. Wimbo wangu hauingiwi mapema. Unaacha gitaa lisubirishwe mpaka lichukie, ndipo unaingia. Nilivumilia ubeti mmoja, wa pili ukanishinda. Nikamshika mkono nikamgongea mdundo kwenye kiganja, nikamnong'oneza: sasa bado, sasa bado, sasa.

Tumefanya hivyo mpaka alasiri. Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua kahawa, akikohoa kila baba mkwe alipokaribia, nasi tukanyamaza. Nilidhani anatuchunga. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa akikohoa hata kabla mzee hajafika uani, ili tupate nafasi ya kumaliza mstari.

Mwaja ni mtu mzuri. Imeniudhi hiyo pia. Nilikuwa nimeshajipangia.

13 Julai

Athanasi ameniletea pipi. Pipi.

17 Julai

Mwaja amerudi, kashindwa. Anasema anaingia mahali pake, anasema maneno yote sawasawa, na bado akisikiliza kaseti anasikia mtu aliyeazima viatu. Amewaambia wale wanaume kwamba mwenye wimbo yuko hai na yuko ng'ambo ya bonde. Desderius akamjibu kwamba mwenye wimbo ameolewa.

Basi yeye na mimi tumepanga. Kwenye ghala kuna kaseti ya muziki mtupu. Ataileta na redio kaseti mbili za betri: moja ipige muziki, nyingine ituchukue mimi na muziki kwa pamoja. Jumapili baba mkwe na Athanasi watakuwa kanisani. Mugole haendi kanisani, na mama mkwe hubaki kunilinda.

Nikamuuliza Mwaja, na mama? Akasema mama tumwambie ukweli. Nikaona huyu mwanamke amerogwa. Lakini alitoka akamwambia. Nikamsikia mama mkwe akiguna, halafu akauliza betri zinatosha au aongeze za tochi.

21 Julai

Nimeimba.

Redio moja juu ya sanduku la harusi, nyingine juu ya kinu, Mwaja kapiga magoti katikati kashika kipaza sauti, mapazia yote yameshushwa na magodoro mawili yameegemezwa ukutani. Mama mkwe alikaa kizingitini na ungo wake. Gitaa likaanza kukwaruza, likasubirishwa, likachukia. Nikaingia.

Sikuimba kwa utamu. Niliwaimbia Athanasi na viatu vyake, Desderius na wazo lake zuri, Egbert na yee yake, na yeyote aliyeamua kwamba mtu mzima anenepeshwe kama ndama wa Pasaka huku akinyimwa koo lake. Nilipomaliza nguo zilikuwa zimelowa, na kuku wote uani walikuwa wamenyamaza.

Mama mkwe akasema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:

"Rudia. Mwishoni umekula maneno."

Nikarudia. Baada ya Mwaja kuondoka na kaseti aliniambia kwamba yeye alipoletwa hapa kutoka kwao Rwanda alikaa ndani mavuno mawili, kwa sababu mwaka wa kwanza kahawa iliharibika. Alipotoka, alisema, alikuwa amezoea kunong'ona, na mpaka leo akimwita mtu aliye shambani haitiki. Nilidhani siku zote kwamba ni mpole. Kumbe alikuwa akipaza sauti na haitoki. Namkasirikia sasa mzee Rwegoshora kwa niaba ya watu wawili.

28 Julai

Athanasi amejua. Desderius mwenyewe amemwambia, na kumbe alifurahi sana, anasema wimbo umewaka. Mume wangu kaja mbio kama nyumba inaungua.

"Kaseti itapigwa kila mahali. Baba akisikia sauti yako?"

Nikamwambia ndiyo maana ya kutengeneza kaseti, isikike. Akasema hajawahi kusikia mugole wa namna hii. Nikamwambia na mimi sijawahi kusikia mume wa namna hii, kaahidi wiki mbili na kulipa kwa pipi. Tumegombana kwa kunong'ona mpaka koo likaniuma. Jaribu kumwambia mtu ni mwongo kwa kunong'ona. Linatoka kama neno la mapenzi.

7 Agosti

Mwaja kaniletea karatasi moja ya jalada la kaseti. Hakutaka kunipa, nikamnyang'anya.

Jina la albamu ni "Kiberiti". Nyimbo sita ni zangu. Gitaa, Desderius. Kinanda na mashine ya ngoma, Telesfori. Waimbaji, Egbert na Mwaja. Na chini, kwa herufi ndogo, kwenye wimbo uliobeba jina la albamu nzima: mwimbaji mgeni.

Basi. Mgeni. Hakuna jina. Athanasi na Desderius wamekaa baa wakakubaliana kwamba hiyo ndiyo njia ya kulinda heshima ya mzee. Mwaja aligombana nao mpaka akatishia kuziondoa nyimbo alizoimba yeye, wakamwambia karatasi zimeshachapwa.

Nimeanzisha bendi hii. Nimewafundisha wale wawili kusubiri. Betri ya kwanza ya gari nilibeba mimi kichwani kutoka barabarani na asidi ikanitoboa kanga. Sasa Egbert, aliyekaa hapa siku chache na kuniharibia mstari, ana jina lake lote, na mimi ni mgeni. Katika nyumba hii ni mgeni kwa sababu sijapewa jembe. Katika bendi ni mgeni kwa sababu niko katika nyumba hii. Nauliza, ni wapi hapa duniani ambapo mimi ni mwenyeji? Chooni, labda, na huko nako nakwenda nimefunikwa.

8 Agosti

Bado nimekasirika.

9 Agosti

Bado.

19 Agosti

Mvua imenyesha leo bila msimu, kubwa, mchana kweupe, na kahawa yote imeanikwa uani. Niliwaona kupitia upenyo wa dirisha: baba mkwe anakimbia na magunia, Athanasi anateleza, majirani wanavuta mikeka, mama mkwe na mgongo wake mbovu anachota kahawa kwa mikono. Nilisimama nikaenda mlangoni. Mama mkwe alinitazama kutoka kwenye mvua akatikisa kichwa, nisitoke.

Nikakaa. Nina mikono miwili mizima, nimelishwa miezi miwili, nina nguvu ya kubeba gunia na mwenye gunia. Nilikaa juu ya godoro kama tikiti maji, namwangalia mwanamke wa miaka sitini akiokoa mavuno ambayo yakiharibika, mimi ndiye nitakayefungiwa mwaka mwingine.

Sehemu kubwa imeokoka. Nimemkanda mgongo mpaka jioni.

2 Septemba

Kahawa imeuzwa. Jembe halijawekwa. Mzee anasema kwanza apumzike.

Kaseti imetoka nayo. Mwaja anasema Zubeiri anaipiga barazani kwake kutwa, na watu wa minada mpaka Rubwera wanaulizia wimbo wa yule mgeni. Wanabishana ni nani. Wengine wanasema ni Mganda.

8 Septemba

Naandika haraka maana sijui kesho nitakuwa wapi.

Leo baada ya misa baba mkwe amerudi kutoka Kayanga na nyama, redio kaseti mpya, na kaseti moja. Ameita majirani, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, wakajaa sebuleni. Mimi nyuma ya pazia. Akasema Zubeiri amempa kitu kinachotikisa mji mzima. Akabonyeza.

Mashine ya ngoma ikagonga. Nikajua kabla gitaa halijaingia. Sauti yangu ikatoka kwenye redio ya mzee Rwegoshora, sebuleni kwake, ikamwambia asinipangie nitawasha lini. Nilisikia kiti cha Athanasi kikilia.

Mzee akairudisha, akapiga tena. Akairudisha tena. Mara ya tatu alikuwa akigonga mguu sakafuni, nao mguu uliingia mahali pake sawasawa, kuliko Egbert. Akasema:

"Huyu mgeni haogopi mtu. Hao waliomlea hawakupoteza chakula chao. Athanasi, wewe ulikuwa unatembea na vijana wa bendi. Unamfahamu?"

Nilishika pazia kwa mikono miwili. Niliwaza, sema. Mara hii moja tu, baba yako hayuko nje, yuko mbele yako, na amefurahi, sema.

"Hapana, baba," akasema mume wangu. "Ni mgeni tu."

Mama mkwe alikuwa amekaa na mimi. Alinitazama. Halafu akanyoosha mkono, akaniondolea kitenge kichwani, akakikunja vizuri akakiweka mapajani mwake.

Redio ilikuwa imefika kwenye ubeti wa pili. Nikaingia nao, kwa sauti yangu yote, ya kuita mtu wa ng'ambo ya bonde. Nikasikia glasi ikianguka. Nikasikia mtu anasema Yesu wangu. Mzee akazima redio, nadhani ili ajue sauti ya pili inatoka wapi. Gitaa likakatika, kinanda kikakatika, mimi nikaendelea. Nikaimba ubeti wa pili, nikaimba wa tatu, mwishoni sikula maneno.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilimsikia baba mkwe akiwaambia wageni wake wanywe, rubisi inapoa, ingawa rubisi haijawahi kuwa ya moto.

9 Septemba

Asubuhi nimekuta jembe mlangoni. Jipya, mpini bado mweupe.

Nimemuuliza mama mkwe mzee amesema nini. Amesema hakusema neno lolote, ameuliza tu jembe jipya liko wapi.

Nimetoka bila kufunikwa. Jua lilinichoma macho. Nimelima kidogo kwenye shamba la maharage, majirani wakitazama, mzee akiwa amekaa mbali na kunipa mgongo kama desturi inavyotaka, na mguu wake ukigonga chini. Nilipomaliza nikaweka jembe begani nikashika njia ya bondeni. Athanasi akanifuata akiuliza naenda wapi na jembe la baba. Nikamjibu kwa sauti kamili kwamba baba yuko nje, akamuulize.

Desderius nilimkuta ghalani na maboksi ya kaseti za kupeleka Kayanga. Aliniona, akaliona jembe, akacheka kidogo, halafu akaacha. Akaanza kusema kwamba ilikuwa ni kwa ajili ya heshima. Nikamwambia achukue kalamu. Akasema kaseti ni nyingi. Nikavuta boksi nikalikalia, jembe mapajani.

Amekata neno mgeni na kuandika Adelgunda, moja moja, mpaka ya mwisho. Kwenye boksi la pili mkono ulianza kumuuma, akawa anaunyoosha na kuniangalia. Sikumpa pole.